Maji Yaliyolala

Sentensi ya kwanza ya maandishi haya nimeifuta hata karatasi ikatoboka, kwa hiyo mmepata hii, ambayo siipendi. Ninyi mliofanya kazi nami mnaijua tabia hiyo. Mlinivumilia nikipangusa vioo vilivyokwisha kupanguswa, nikirudia vipimo ambavyo kila mtu alikwisha kuvikubali, nikisimama mlangoni jioni na ufunguo mkononi nikijiuliza kama pampu nimeizima. Mlipokuwa mkiniaga, mmoja wenu aliniuliza kwa upole kama nilizaliwa hivi. Nilicheka bila kumjibu. Jibu ni ndiyo. Ila kuna watu walionifundisha kuishi na ugonjwa huu bila kuumiza wengine, na hao ndio ninaotaka kuwaandika. Habari za vyeo na mishahara ziko kwenye faili langu. Mchwa wamekwisha kulisoma.

Niliingia kazini Bukavu katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, kijana mwembamba wa mtaa wa Kadutu aliyeacha shule baba yake alipofariki. Elimu niliyokuwa nayo niliiokota. Redio nilijifunza kwa kufungua redio mbovu za majirani. Fizikia nilijifunza katika kitabu cha Kifaransa nilichopewa na padri mmoja wa misheni, kitabu kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Majibu ya mazoezi yalikuwa kwenye hizo kurasa za mwisho. Mtu aliyesoma darasani huambiwa na mwalimu kwamba amekosa, akaona aibu kidogo, kisha akaenda kucheza mpira. Mimi hapakuwa na wa kuniambia. Nilikokotoa kila zoezi upya, na upya tena, na bado nililala nalo. Nadhani sehemu kubwa ya wasiwasi wangu ilianzia hapo, katika kurasa nisizoziona.

Maabara ya maji ilikuwa nyumba ndogo ya matofali huko Nyawera, na madirisha yake yalitazama ziwa. Mkubwa wake alikuwa injinia Mbelgiji ambaye sisi tulimwita Bwana Kalamu, kwa sababu aliweka kalamu ya risasi nyuma ya sikio, nyingine mdomoni, na huku anatafuta ya tatu mezani. Alikuwa na mashine iliyoharibika, na fundi wake wa umeme, Mzungu mwenzake, alikuwa likizo Ulaya. Dereva wake alimwambia kwamba Kadutu kuna kijana anayefufua redio. Basi nikaletwa. Nilikuta taa moja ya ndani, kama zile za redio, imekufa, nikaibadilisha, kisha nikasafisha vumbi la mashine nzima kwa brashi ya rangi ya maji, bila kuagizwa. Bwana Kalamu alinitazama nikifanya hivyo kwa muda mrefu. Aliniambia nirudi kesho yake. Nilirudi, na sikuondoka tena mpaka mwaka huu.

Siku hiyo ya pili ndiyo ninayoiita siku yangu ya kwanza. Aliniweka mbele ya tangi la kioo, refu na jembamba, limejaa maji. Kwenye ukuta mmoja wa tangi, kwa nje, palibandikwa kwa grisi kipande cha jiwe la quartz, chembamba kama sarafu. Kwenye ukuta wa pili, vikielekeana, kilikuwa kipande kingine. Umeme ukikipiga kipande cha kwanza kinatetemeka na kutoa sauti. Sauti inapita ndani ya maji, cha pili kinaipokea, na kwenye kioo cha mviringo cha mashine, juu ya mstari wa kijani, kinainuka kilima kidogo.

Aliniuliza kama ninaisikia ile sauti.

"Sisikii kitu, Bwana."

"Vizuri. Ungeisikia, ningekupeleka hospitali."

Hiyo ndiyo ultrason, sauti ya juu mno kwa sikio la mtu. Ninyi mnazo mashine zinazoandika zenyewe. Sisi tulipima urefu wa kilima kwa bikari na rula. Maji yakiwa safi, kilima kinakuwa kirefu. Ukiyakoroga na matope, chembe zinaila sauti njiani na kilima kinadidimia. Kisha unangoja. Chembe zinazama, zinapita chini ya vile vipande vya quartz, na kilima kinaanza kuinuka polepole. Ukijua kilichukua muda gani kuinuka, unajua matope yale yanazama kwa mwendo gani, na hujayagusa wala hujatia mrija ndani yake kuyavuruga. Niliona jambo hilo zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona. Mpaka leo naliona hivyo.

Kabla sijaruhusiwa kugusa kitu, Bwana Kalamu aliniambia neno moja ambalo nimelirudia kwenu hadi mkachoka nalo: kabla hujauliza matope, uliza maji. Maana yake, kila asubuhi anza na tangi la maji safi, uone kilima kinafika wapi, ndipo uanze kazi. Nililishika neno hilo kama katekisimu. Nililishika vibaya, lakini hilo lilikuja kuonekana baadaye.

Aliyepewa kunifundisha mikono alikuwa Bahati, mtu wa upande wa Walungu, mkubwa kwangu, mnene, mwenye kicheko cha kukohoa. Yeye aliniita petit, yaani mdogo. Nilipomjua vizuri nilimpenda. Nilipokuwa sijamjua, nilimwona kama adhabu. Alikuwa mvivu kwa utaratibu. Tulipopewa matope ya kupima, maji ya mto aliyachota jioni wakati gari likirudi mjini, akayaacha chumbani usiku kucha ndani ya dame-jeanne, zile chupa kubwa za kioo zilizofumiwa kikapu, ili asiamke alfajiri kuyafuata. Asubuhi aliyamimina tangini pole pole, akayakoroga kwa mwiko wa mti kama mama anayesonga bugali, huku akinisimulia habari za arusi fulani. Kisha akakaa kwenye kiti, akatoa unyoya wa kuku mfukoni, akaanza kukuna sikio hali macho yakiwa kwenye mstari wa kijani. Unyoya ule ulinikera kuliko nitakavyoweza kueleza. Nilimwambia siku moja kwamba maabara si kinyozi.

"Petit," alisema, "we unaosha ile tangi sawa mutoto wa kwanza. Iko kioo. Haitaoa."

Mimi nilifanya kinyume chake katika kila kitu. Niliamka giza halijatoka, nikapanda na dereva hadi mtoni, nikachota maji mapya, baridi kiasi cha kuuma vidole, nikayaleta mbio kabla "hayajabadilika". Na kwa kuwa niliogopa mabonge ya udongo yasiyoyeyuka, niliitikisa ile chupa. Niliikumbatia, nikaitikisa hadi mabega yakaniuma. Kisha niliitikisa tena kwa sababu labda mara ya kwanza haikutosha. Bwana Kalamu alipopita na kunikuta nimelowa jasho, alitikisa kichwa kwa namna niliyoichukua kuwa ni sifa. Huenda ilikuwa ni sifa kweli.

Sasa nije kwenye kazi ya Nyantende, maana kwa ajili yake ndiyo ninaandika.

Kadutu ilikuwa inajaa watu. Mvua zikianza, bomba la mtaa wetu lilitoa maji ya rangi ya kahawa, na mama yangu alifunga kitambaa kwenye mdomo wa ndoo ili kuyachuja. Serikali iliamua kujenga bwawa la kutulizia maji karibu na Nyantende: mto uingie, upumzike, matope yazame, na maji safi yaendelee kwenye mabomba. Swali lilikuwa ukubwa wa bwawa. Matope yakizama haraka, bwawa dogo linatosha, na lingekaa kwenye bonde la majani lisilolimwa na mtu. Yakizama polepole, maji yangehitaji kupumzika muda mrefu zaidi, na bwawa lingepanda mteremko. Kwenye mteremko kulikuwa na mtu.

Mtu huyo alikuwa Maman Nabintu, mjane, mwenye watoto wadogo na migomba mikubwa. Njia ya kwenda mtoni ilipita pembeni ya nyumba yake. Asubuhi ya kwanza aliniona nikishuka na chupa yangu, akanisalimu kwa Kishi, lugha ya kwao, asinge, nami nikaitika, na tangu hapo kila nilipopita alinipa kiazi kitamu cha moto, nikile njiani. Alisema nimekonda kama mti wa maharage. Shamba lile mume wake alilipata kwa kalinzi, kama wengi wenu mnavyojua desturi ya nchi ya Bushi: alitoa ng'ombe kwa mkubwa wa kilima, na kwa ng'ombe yule shamba likawa lake na la watoto wake baada yake. Alimlea yule ng'ombe tangu ujana wake, akamtoa. Mwenyewe alizikwa pale juu, kati ya migomba.

Wapimaji wa ardhi walikuwa wamekwisha kupita. Walichomeka vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani, mstari mmoja ukizunguka bonde, kwa bwawa dogo, na mstari wa pili ukipanda katikati ya migomba, juu ya nyumba, juu ya kaburi, kwa bwawa kubwa. Mstari utakaofuatwa ulingoja sisi. Sheria ya wakati ule haikujua ng'ombe wa kalinzi. Ilijua ramani.

Maman Nabintu aliniuliza siku moja, akiwa anamenya kiazi, na wala hakuwa na hasira.

"Deo, ile mashine yenu, inajua kama mimi niko hapa?"

"Hapana, maman. Inajua matope tu."

"Basi we uiambie."

Nilicheka, naye akacheka. Kisha nilishuka mtoni, na kiazi sikukila.

Nilijifariji kwa kazi. Nilijiambia kwamba nikipima vizuri kabisa, pasipo kosa hata dogo, basi jibu lolote litakalotoka litakuwa la haki, na mimi sitakuwa na la kujilaumu. Kijana anayeogopa kukosa hujificha ndani ya usahihi kama mtu anayejificha chini ya kitanda.

Tulipima zamu kwa zamu, Bahati na mimi. Na majibu yetu hayakukubaliana. Kwenye zamu ya Bahati, kilima cha kijani kiliinuka mapema, kikawa kirefu kabla ya chakula cha mchana. Kwangu kilibaki kifupi hadi jioni, kimejikunyata, kana kwamba matope hayataki kushuka. Kwa vipimo vya Bahati bwawa dogo lilitosha. Kwa vipimo vyangu maji ya Nyantende yalikuwa na udongo laini sana, udongo usiozama, na mstari wa juu wa vigingi ulikuwa wa lazima.

Bwana Kalamu alitandaza michoro yetu mezani. Hakufikiri muda mrefu. Aliwatazama wafanyakazi wake wawili: mmoja ameamka alfajiri, maji mapya, mikono imepauka kwa sabuni, mwingine ana maji ya jana na unyoya sikioni. Aliichukua michoro ya Bahati, akaiweka kando, na akaniambia mimi niandae jedwali la ripoti. Hakusema kwa ukali. Kwa haki yake, mtu yeyote angefanya hivyo. Mimi pia ningefanya hivyo.

Bahati alingoja Bwana Kalamu atoke.

"Petit, jicho yangu inaona ile maji iko safi. Hata yako. Saa ya mchana iko safi."

Nilimjibu kwa sauti ya kitabu changu kisicho na jalada kwamba jicho halioni chembe ndogo, na ndiyo sababu tuna mashine.

"Sawa," alisema. "Kama mashine iko na macho kupita Mungu, sawa."

Akarudi kwenye sikio lake. Ripoti ikapelekwa kwa mpigaji taipu, itoke mwisho wa juma kwenda kwa wakuu.

Ningepaswa kufurahi. Sikula. Mama aliniuliza kama nimetongoza msichana akanikataa. Kilichonisumbua, niwaambie kweli, si Maman Nabintu peke yake. Ningependa kusema ilikuwa huruma tu. Ilikuwa pia ile michoro miwili. Matope yale yale, mto ule ule, tangi lile lile: haiwezekani yawe na mienendo miwili. Bahati alikuwa mvivu, ndiyo, lakini uvivu wake ulitoa jibu lile lile kila siku. Uvivu wa kweli hutoa majibu ovyo. Hilo lilinichoma kama mchanga ndani ya kiatu. Na tangu hapo nimeshukuru kwamba tabia yangu, ambayo ilikuwa imekwisha kunipoteza, ndiyo iliyokataa kuniacha nipumzike nilipopotea.

Siku moja kabla ripoti haijatoka, saa ya mchana, Bwana Kalamu alikwenda kula kwenye klabu ya Wazungu ambako mimi nisingeingia hata kubadilisha taa. Nilibaki na Bahati. Nililitazama tangi na nikakumbuka lile neno: kabla hujauliza matope, uliza maji. Nililitii kila asubuhi. Lakini maji safi niliyoyauliza yalikuwa ya mtungi wa pembeni, yaliyokaa chumbani siku nyingi, na niliyamimina kwa upole kwa sababu hayakuwa na matope ya kutikisa. Yale hayakuwa maji niliyokuwa nikiyapima. Maji yangu yalitoka mtoni yakiwa baridi, nikayatikisa kama mwenda wazimu. Hayo sikuwahi kuyauliza kitu.

Nilimwomba dereva, naye akanung'unika, akanipeleka kwenye chemchemi iliyo juu ya mji, yenye maji baridi yasiyo na udongo wowote. Nikajaza chupa. Nikarudi, nikaikumbatia, nikaitikisa kama kawaida yangu, nikamimina tangini. Maji yalikuwa kama hewa, ungeweza kusoma gazeti upande wa pili. Nikawasha mashine.

Kilima kilikuwa kifupi. Kifupi kama cha matope.

Nilikaa chini sakafuni. Bahati aliinuka kwenye kiti chake, jambo ambalo si la kila siku, akaja akatazama mstari, kisha akatazama maji, kisha akanitazama mimi.

"Matope iko wapi?" aliuliza.

Nilisogeza uso karibu na kioo. Pale mbele ya kipande cha quartz, kwa ndani, ukuta ulikuwa umefunikwa na vitone vya hewa, vidogo kuliko mbegu za ulezi, vimeshikamana kama ukungu. Maji ya baridi hubeba hewa ndani yake. Yakiingia kwenye chumba chenye joto, tena karibu na mashine yenye taa za moto, hewa hutoka. Na mimi kwa kuyatikisa niliongeza nyingine. Sauti ile, inayopenya maji kama mwanga, hukwama kwenye kitone cha hewa kuliko inavyokwama kwenye udongo. Nilikuwa ninapima mapovu.

Nilitaka kuufuta ule ukuta kwa ndani, na mkono haukuingia, maana tangi lilikuwa jembamba. Nilitazama huku na huku. Kisha nilimwomba Bahati unyoya.

"Unyoya ya masikio?" alisema.

"Huo huo."

Aliufuta kwenye suruali yake kwa heshima kubwa, akanipa. Niliufunga kwenye waya, nikaushusha ndani ya maji, nikaupitisha mara moja juu ya kioo, taratibu. Kwenye mashine kilima kiliruka hadi juu. Bahati alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akaanza kile kicheko chake cha kukohoa, na akacheka hadi ikabidi akae. Mimi nilikuwa nalia, lakini alikuwa na adabu ya kutoliona hilo.

Maji yake, mnaona, yalikuwa yamelala. Usiku kucha chumbani yalipata joto na kutoa hewa yake yote kabla hayajaingia tangini, na mwiko wake wa bugali haukuongeza nyingine. Hakulijua hilo, na hakuwahi kudai kwamba alilijua. Alichokijua ni kwamba hapendi baridi ya alfajiri.

Bwana Kalamu aliporudi nilimngojea mlangoni. Maneno niliyoyaandaa yalipotea yote. Nilimwambia kwamba vipimo vyangu ni vibaya, vyote, na vya Bahati ni vizuri. Aliniuliza nani amenituma kusema hivyo. Nikamwonyesha. Nilitikisa maji ya chemchemi mbele yake, nikayamimina, akaona kilima kifupi katika maji yasiyo na kitu. Nilipitisha unyoya. Akaona.

Alitoa kalamu ya mdomoni, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nilikuona ukitikisa," alisema. "Nilikuona kila siku, na nikakuona hodari."

Kisha aliuliza ripoti iko wapi. Nikamwambia iko kwa mpigaji taipu. Aliniambia ningoje, akavaa kofia, akatoka mwenyewe kwa miguu, akapanda mteremko wa Nyawera kwenye jua la mchana, mtu ambaye kwa kawaida alimtuma dereva kununua kiberiti. Alirudi na ripoti kwapani, imekunjwa. Siwaambii kwamba alikuwa mtakatifu. Aliniita wewe, mimi nikamwita Bwana, na hakuna aliyeona ajabu. Lakini wakubwa wengi niliokutana nao baadaye, weupe na weusi, wangeiacha ile ripoti iende, kwa kuwa ilikwisha kupigwa taipu.

Tulipima yote upya, sisi watatu. Maji yote yalilala chumbani kwanza. Bahati alitembea maabara nzima akisema kwamba leo shule ni ya kufundisha watu kulala, na kwamba mwalimu hataki zawadi, anataka bia. Bwana Kalamu hakuelewa Kiswahili kile chote, au alijifanya hakielewi. Bahati alikoroga, mimi nilisoma bikari, na kabla ya kila kipimo tulipitisha unyoya, mpya sasa, ambao Bwana Kalamu aliuandika kwenye orodha ya vyombo vya maabara kwa mkono wake. Ninyi mmeukuta unyoya kwenye droo ya juu na mkadhani ni uchafu wa Mzee Deo. Si ule ule, nimebadilisha nyingi. Msiutupe.

Majibu yalikubaliana. Matope ya Nyantende yalikuwa matope ya kawaida, yanazama kama matope mengine ya Mungu. Bwawa likachorwa kwenye bonde. Ukingo wake ulipanda kidogo, ukala mstari wa chini wa migomba ya Maman Nabintu, hilo sitalificha, na tulikwenda kumsaidia kung'oa vichipukizi na kuvipanda juu. Nyumba ilibaki. Kaburi lilibaki. Mwaka uliofuata bomba la mtaa wetu lilitoa maji meupe katikati ya mvua. Mama aliondoa kitambaa kwenye ndoo, akakifua, akakikunja, akakiweka sandukuni, kwa sababu hakuamini. Ndipo nilipojua tabia yangu nimeirithi kwa nani.

Mengine mnayajua. Uhuru ulikuja, Bwana Kalamu aliondoka na kuniachia ile mashine kwa maneno machache na kalamu moja iliyotafunwa. Bahati alirudi Walungu alipochoka, ambayo kwa hesabu yake ilikuwa mapema, akafuga kuku, akawa ananiletea unyoya kila alipokuja mjini. Yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuniambia nimekosa kwa wakati unaofaa. Nilimpa jibu la kitabu, na hakunichukia. Nimeomba niwe hivyo kwenu, na najua sikufaulu siku zote.

Lakini nirudi Nyantende mara moja, niishie pale.

Wapimaji wa ardhi hawakuwa na haraka ya kuja kung'oa vigingi vyao vya juu. Vingebaki pale miaka, na mjane angeamka kila siku akiviona. Basi nilimwomba Bwana Kalamu ruhusa, na Bahati na mimi tukapanda siku ya Jumamosi. Maman Nabintu alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, akitutazama tukipita migombani. Udongo ulikuwa umelowa, vigingi vilitoka kwa sauti ya kunyonya. Bahati aling'oa na kutupa chini. Mimi nilifuata nyuma nikijaza kila shimo kwa mikono, nikilishindilia, nikilisawazisha, nikirudisha na majani makavu juu yake, ili pasionekane kwamba kuna kitu kiliwahi kuchomekwa pale. Nilifika kwenye shimo lililo karibu na kaburi, nikapiga magoti.

"Acha, Deo," alisema Maman Nabintu.

Nilimwambia nataka pawe kama palivyokuwa.

"Acha tundu. Na ile miti muniachie. Ntapanda maharagi, ipate kwa kupandia."

Nilisimama. Bahati alikusanya vigingi, akampa kimoja kimoja mkononi, na mama yule akakirudisha cha kwanza ndani ya shimo lake mwenyewe, kichwa chekundu juu, akakikanyagia kwa kisigino. Kilikuwa kimeinama kidogo upande. Nilikiona, mikono ikaniwasha, na sikukigusa.